Foleni ya Ukoo wa Mugeta

Nyangi hakuwa mtu wa kujishusha. Ungemuuliza nani anazijua seva mjini Musoma angetaja jina lake, angefikiri kidogo, kisha angelitaja tena. Na haikuwa majivuno matupu. Kwenye kampuni ndogo ya kugandisha samaki alikofanya kazi, mashine zilimtii, na siku aliyougua malaria ofisi nzima ilikaa ikitazama vioo vilivyokwama mpaka akarudi.

Nyumbani kwake Bweri alikuwa na kompyuta ya mapajani ya zamani aliyoinyima makusudi mapambo yote. Hapakuwa na picha wala vitufe vya kubofya. Ukiiwasha unakutana na kioo cheusi na kishale kinachopepesa, kinangoja uandike amri. Barua pepe zake alizituma kwa amri na kuzichota kwa amri. Kulikuwa na programu iliyoitwa msmtp ambayo kazi yake ni kupeleka barua tu, na nyingine, fetchmail, ya kwenda kuzileta. Kuzisoma kulikuwa na ya kwake pia.

"Kila mmoja na kazi yake, hakuna anayeingilia ya mwenzake," alizoea kuwaambia watu. "Ofisi zingekuwa hivi tungekuwa mbali."

Sasa, ukoo wa marehemu Mugeta, babu yake, ulikuwa na desturi ambayo hakuna aliyethubutu kuipindisha: habari nzito inashuka kwa umri. Uwe msiba, uwe uchumba, uwe ugomvi wa shamba, anaambiwa kwanza mkubwa, kisha anayemfuatia, mpaka kwa kitinda mimba. Zamani mjumbe alitumwa kwa miguu, na kama nyumba ya mdogo ilikuwa njiani, alipita hapo akanywa maji, akasifia migomba, akaendelea na safari bila kusema alichotumwa. Akirudi ndipo alipofungua mdomo.

Simu zilipoingia, desturi ilibaki imara. Kilichotaka kuiua ni grupu la WhatsApp. Siku moja Baba mkubwa Nyamhanga, bwana mifugo mstaafu anayeishi Kiabakari, aliandika humo habari ya kifo, na papo hapo mdogo wao wa mwisho, Gody, mwenye duka la vifaa vya ujenzi Bunda, akabonyeza kikatuni cha mtoto anayekata mauno. Alisema kidole kiliteleza. Baba mkubwa alijitoa kwenye grupu siku hiyo hiyo, akasema mle ndani watu wazima wanamwagiwa habari kwa pamoja kama kuku wanaomwagiwa mahindi. Alichotaka yeye ni barua, yenye jina lake, imfikie yeye, aisome akiwa amekaa. Wanawe walishamfungulia barua pepe kwenye simu, ndugu zake nao wakafunguliwa, na kazi ya kutuma ikaangukia kwa Nyangi, aliyeipokea kama mtu aliyekuwa anashangaa kwa nini wamechelewa kumpa.

Safari hii habari ilikuwa yake mwenyewe. Edwin, fundi wa umeme wa jua ambaye Nyangi alimpenda tangu siku alipomwona akishuka kutoka juu ya paa na vumbi hadi kwenye kope, alikuwa anakuja na watu wake Jumamosi kuleta ng'ombe nyumbani kwa baba yake, Mzee Clementi, Butiama. Kwa ukoo ule, ng'ombe hawavuki lango mpaka mkubwa awe amekaa uani. Na ng'ombe waliogeuzwa langoni hawarudi. Yalimkuta binamu yake Agness: wakwe walirudishwa kwa sababu mkubwa hakutokea, wakaona wametukanwa, na yule kijana sasa ana watoto na mwanamke mwingine. Nyangi alikuwepo siku ile. Aliwaona ng'ombe wakigeuzwa barabarani na Agness akitazama dirishani, na alijua hakuna ambacho angekitaka maishani kwa nguvu kama kutosimama kwenye dirisha lile.

Baba yake alimtumia majina na anwani kwa ujumbe wa simu, yamepangwa kwa umri, kaka zake kwanza, kisha binamu na watoto wao. Mzee Clementi alikuwa makini lakini msahaulifu, hivyo ndugu yake Benjamini akamwandika mara mbili. Nyangi aliona kosa hilo akatabasamu. Ipo amri fupi inayoondoa majina yaliyojirudia. Katika kuyaondoa huyapanga upya yote kwa alfabeti, na hilo Nyangi alilijua kuliko alivyojua namba yake ya simu. Aliipiga, akaona orodha safi, akatuma, akaenda kukaanga samaki. Haikumpitia kichwani kwamba kwa alfabeti Gody anamtangulia Nyamhanga.

Mtoa huduma wa barua huwa anamwogopa mtu anayetuma barua nyingi kwa mkupuo. Alizipokea zile za kwanza, zilizobaki akaziambia zingoje. Ya Gody ilipita. Ya Nyamhanga ikakaa kwenye foleni ndani ya kompyuta ya Bweri, imetulia, huku mwenye kompyuta akitoa miiba.

Gody alifurahi sana. Akampigia kaka yake Kiabakari.

"Kaka, shikamoo. Sasa Jumamosi nikupitie hapo twende wote kwa Clementi, au watoto watakuleta?"

"Kwa Clementi kuna nini?"

"Si ng'ombe za Nyangi?"

Gody alisema baadaye kwamba alisikia hata ndama analia kwa kaka yake.

"Ng'ombe za Nyangi," alisema Nyamhanga taratibu. "Haya, mdogo wangu. Umenipa habari." Akakata simu.

Kabla jua halijazama Mzee Clementi naye alipigiwa. Kaka yake hakugomba, na hilo ndilo lililomtisha. Alisema tu kwamba ikiwa wapo waliotangulia kuambiwa, hao hao watangulie kupokea, yeye ana ng'ombe wake wa kuangalia Kiabakari. Kisha simu yake ikawa haipokelewi na mtu yeyote.

"Nyangi, mama, umefanya nini?" baba yake alimuuliza. "Mimi nilikupangiaga majina vizuri. Nilikaa asubuhi nzima."

Nyangi alifungua faili la majina, akaliangalia. Ilimchukua pumzi moja kuona. Angeweza kumsingizia mtoa huduma, na nusu ya kosa ilikuwa kweli huko, lakini hakuwa na tabia ya kuwapa wengine hata makosa yake.

"Nimevuruga mpangilio wako, baba. Mimi mwenyewe."

"Basi panda gari kesho uende Kiabakari ukapige magoti."

"Hapana."

"Unasema?"

"Nikienda nitampelekea magoti. Yeye hajadai magoti, amedai habari imfikie wa kwanza. Habari inabidi ianze upya, kutoka juu. Waambie akina baba wote wafanye kama hawajapata kitu. Mimi naituma tena, na safari hii haitamruka mtu."

Mzee Clementi alihema. "Unajiamini sana wewe."

"Nimefundishwa na nani?"

Ndugu waliombwa, wakakubali kwa moyo mweupe, maana wote walijua aliyekosewa ni nani. Gody ndiye aliyezidisha. Alianza kumpigia kila mtu kumwambia kwamba hajui lolote kuhusu Jumamosi.

Nyangi alikaa mbele ya kioo cheusi akaandika programu mpya. Haikuwa ndefu. Ilichukua majina kama baba yake alivyoyapanga, bila kuyagusa, ikamtumia barua wa kwanza peke yake, kisha ikatulia. Kila baada ya muda ilimtuma fetchmail kwenda kuchota barua zilizoingia na kutazama kama mkubwa amejibu. Ikikuta bado, inarudi kulala. Ikikuta amejibu, ndipo inapomtumia anayemfuatia, na chini ya barua inaambatanisha majibu ya waliomtangulia, ili kila mmoja aone kwa macho yake kwamba habari imeshuka kwa njia yake. Alifikiri kidogo, akaongeza sharti. Mtu anaweza kujibu kwa matusi, au kwa swali, au kwa kidole kilichoteleza. Hivyo barua iliomba kila anayeipata ajibu kwa neno "Nimepokea", na programu ilikatazwa kusogea mpaka ilione neno hilo, kwa herufi kubwa au ndogo. Alipomaliza aliisoma tena yote, akaijaribu kwa anwani zake mwenyewe, akaona inashuka ngazi kwa ngazi. Akamtumia Baba mkubwa.

Kiabakari hawakujibu.

Siku iliyofuata hawakujibu tena. Programu ilienda, ikachota matangazo na barua za kazini, ikarudi ikalala. Benjamini akapiga kuuliza kama barua yake ile ambayo hajaipata inakaribia. Edwin alikuja jioni Bweri, akakaa kwenye kochi, akamtazama mchumba wake anavyotazama kioo.

"Watu wangu wanauliza kama waanze kuswaga ng'ombe," alisema. "Niwajibu nini?"

"Waswage."

"Na mzee akikaa kimya?"

"Mzee anasoma. Namjua. Angekuwa ameikataa angeshasema." Alisema hivyo bila kumtazama, na Edwin, ambaye hakuwa mjinga, alisogea akamshika bega. Nyangi aliogopa. Aliogopa kweli kweli, na kichwani mwake Agness alikuwa amesimama dirishani. Lakini mkono wake haukuigusa programu. Kumruka mkubwa mara ya pili, eti kwa kuwa amechelewa, ingekuwa mwisho.

Alhamisi asubuhi, kabla hajaenda kazini, fetchmail ilileta barua ya Kiabakari. Nyangi aliketi kuisoma. Uandishi wa bwana mifugo ulikuwa ule ule wa ripoti zake za zamani, bila salamu ndefu.

"Binti yangu Nyangi. Barua imefika na jina langu liko juu. Nimekaa nayo siku mbili, na si kwa sababu ya kiburi kama baba yako anavyodhani. Nitakuambia ukweli. Gody aliponiambia kabla yako, niliumia mpaka nikashindwa kula. Asubuhi, nikiwa nakamua, nikajiuliza: mimi nimerukwa mara moja tu na nimeumia hivi. Pelagia je? Dada yetu amezaliwa kabla yangu. Mama yetu alipofariki, kabla baba hajaoa mama wa Clementi na Gody, yeye ndiye aliyeacha shule darasa la nne akatulea, akanibeba mimi mgongoni na Benjamini ubavuni. Tangu baba aondoke, kila habari ya nyumba hii imeanzia kwangu, na mimi nimekuwa naipokea kama haki yangu. Hajawahi kuambiwa wa kwanza hata mara moja. Kama ni kwa umri, wa kwanza siyo mimi. Nikiandika lile neno ulilolitaka nitakuwa nimesema uongo. Ianzishe inapotakiwa kuanzia, nami nitangoja zamu yangu."

Nyangi aliisoma akarudia. Chini, mstari wa programu ulionyesha kwamba haijasogea. Ilitafuta neno lake, haikulipata, ikarudi kulala kama ilivyoamriwa, na kwa hilo alijipongeza sekunde moja. Kisha aibu ikampanda kuanzia miguuni.

Kwa maana shangazi Pelagia alikuwa ameshaambiwa. Alikuwa anaishi hapo hapo Bweri, ng'ambo ya barabara na mwendo kidogo wa kupanda, kwenye nyumba yake yenye shamba la mihogo. Nyangi mwenyewe alimpigia wiki iliyopita, kwa furaha zote, akamwambia, "Shangazi, Jumamosi ni kwetu, njoo na mwiko wako, bila wewe wali utaungua." Yeye, mwanamke aliyewanyamazisha wanaume wa ofisi nzima, alipokuwa anapanga wakubwa wa ukoo hakuona pengo lolote juu ya jina la Nyamhanga. Baba yake hakumwandika, naye hakuuliza. Angekuwa mtu mwingine amefanya hivyo angemchamba hadi basi.

Hakwenda kazini. Aliweka kompyuta kwenye begi, akasimamisha bodaboda.

Shangazi Pelagia alikuwa uani, ameinamia chandarua cha dagaa, anawageuza. Alikuwa mwanamke mrefu, mwembamba, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuita watoto kutoka mbali.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Mbona saa hizi? Hujafukuzwa kazi?"

"Nimekuletea barua."

"Barua ya nani?"

"Yako."

Pelagia alinyanyuka taratibu. "Nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa. Kaa kwanza, shangazi, ni barua ya kusoma umekaa."

Nyangi alifungua kompyuta juu ya kiti cha plastiki. Shangazi hakuwa na anwani popote, wala simu janja ya kuipokelea, ila kompyuta ile ilikuwa na uwezo ambao watu wengi hawaukumbuki siku hizi: inaweza kumfungulia mtu sanduku la barua ndani yake yenyewe, na barua ikatoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine bila kuugusa mtandao. Akaandika amri, sanduku likazaliwa kwa jina la pelagia. Akafungua faili la majina, na juu kabisa, mbele ya Nyamhanga, akaliweka hilo. Kisha akatuma. Barua ilifika kabla shangazi hajamaliza kuvaa miwani. Nyangi akazikuza herufi.

"Kumbe ni ubao," Pelagia alisema. Kioo cheusi na maandishi meupe vilimfurahisha. "Hii naisoma. Zile simu zenu zina rangi rangi, sijuagi niangalie wapi."

Akasoma kwa sauti, kidole kikifuata mstari. "Kwa shangazi yangu, Pelagia Mugeta, mkubwa wa nyumba yetu." Akasimama hapo. Akarudi mwanzo, akasoma tena mstari ule ule, kimya kimya mara hii, midomo ikicheza. Kisha akasoma yaliyobaki: kwamba Edwin na watu wake wanakuja Jumamosi, kwamba nyumba inaombwa iwapokee, kwamba habari hii haijamfikia mwingine yeyote kabla yake.

"Ulishaniambia kwa simu," alisema.

"Nilikwambia uje kupika. Habari yenyewe sikukupa. Nimekosa, shangazi, na nimeona aibu mpaka nimeshindwa kwenda kazini."

"Na Nyamhanga anasemaje?"

Nyangi akamfungulia barua ya Kiabakari. Shangazi aliisoma muda mrefu. Alipofika pale pa kubebwa mgongoni alivua miwani, akaifuta kwa kanga, akaivaa tena, na machozi yakawa yanashuka tu bila yeye kuyaficha wala kuyafuta.

"Kumbe alikuwa anajua," alisema. "Mimi nilidhaniaga amesahau. Miaka yote hii nilisema, aa, alikuwa mdogo, atakumbuka nini." Akavuta pumzi. "Sasa nikikaa kimya inakuwaje?"

"Haiendi kwa mtu. Baba mkubwa anangoja, baba anangoja, Baba mdogo Gody anangoja, wote. Foleni nzima imesimama kwako."

"Wote?"

"Wote."

Pelagia alicheka. Alianza polepole, kisha kicheko kikamshika, akacheka mpaka jirani akachungulia juu ya ua kuuliza kuna nini. "Hakuna kitu, mama," alimjibu. "Kaka zangu wako foleni."

Baada ya hapo akasema angoje, dagaa wanaanuliwa kwanza, mvua inanukia. Nyangi, mwenye harusi yake mikononi mwa mtu mwingine, aliinama akamsaidia kuanua. Hakuthubutu kumharakisha. Wakakusanya, wakafunga gunia, shangazi akanawa mikono kwa sabuni hadi kwenye viwiko, ndipo akarudi kukaa mbele ya ubao wake.

"Naandikaga wapi?"

Nyangi alimfungulia jibu, akamwonyesha herufi. Akataka kumwandikia, shangazi akausukuma mkono wake. Kwa kidole kimoja, akitafuta kila herufi kama anayechambua mchele, aliandika:

NIMEPOKEA. NITAKUJA. SITAPIKA.

"Tuma hivyo hivyo," alisema.

Nyangi alituma. Programu ilichungulia sanduku jipya, ikalikuta neno, ikaandika barua ya Nyamhanga na maneno ya dada yake chini yake, ikaipeleka kupitia simu iliyokuwa mfukoni mwa Nyangi ikigawa intaneti. Hawakungoja sana. Safari hii Kiabakari walijibu kabla chai haijachemka: "Nimepokea, dada. Usipike." Shangazi alitaka kuliona jibu hilo kwa macho yake, akaonyeshwa, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

Ilikwama Bunda, kwa Benjamini. Jibu lake lilisema kwamba mambo ya wanawake kuanza kupewa habari ni mapya, yajadiliwe kwanza kwenye kikao. Programu ilitafuta neno lake, haikuliona, ikalala. Nyangi alipoona hivyo alianza kuandika maneno makali, akayafuta. Hayakuhitajika. Gody, aliyekuwa nyuma kwenye foleni na aliyechoka kujifanya hajui, alishaambiwa na Mzee Clementi nani kakwamisha, akatoka dukani kwake akavuka soko mpaka kwa Benjamini. Walichoambiana hakuna ajuaye. Jioni ikaja barua nyingine: "Nimepokea, ila nimenuna." Programu haikuwa na maoni kuhusu kununa. Ikasonga mbele.

Mzee Clementi aliipata yake, akajibu, kisha akapiga simu. "Mama, nimesoma majibu ya wakubwa wangu. Dada anasema hapiki. Sasa wageni watakula nini?"

"Tutatafuta mtu, baba."

"Nani?"

"Mna mikono ninyi. Mko wanaume wangapi hapo?"

Alisikia baba yake akimrudishia mama yake swali hilo, na mama yake akicheka jikoni. Ya Gody ilifika usiku ulipoanza kuingia, na jibu lake lilikuwa "Nimepokea" tupu, bila kikatuni. Zikafuata za binamu, mmoja baada ya mwingine, mpaka majina yakaisha na kioo kikarudi kwenye kishale chake kinachopepesa. Nyangi akampigia Edwin akamwambia ng'ombe wasisimame njiani.

Jumamosi alikuwa chumbani Butiama, amevalishwa, na wasichana wamemzunguka. Dirisha lilitazama uani. Hakukusudia kusimama pale, lakini alisimama. Viti vilipangwa nusu duara kulielekea lango. Nyamhanga alishafika, na koti lake la kijani la kazini alilolinyosha mwenyewe. Aliketi kwenye kiti cha pili. Benjamini aliketi cha tatu, amenuna kama alivyoahidi, ila ameoga na kuvaa tai. Kiti cha kwanza kilikuwa kitupu muda mrefu kiasi cha kumfanya Nyangi aanze kuuma kucha, kwa sababu shangazi alisema atakuja, hakusema atakuja saa ngapi.

Alikuja kwa gari la Gody, akashuka upande wa mbele. Alivaa gauni la bluu ambalo hakuna aliyewahi kuliona, na viatu. Mwiko hakuwa nao. Hakuelekea jikoni walikokuwa wanawake. Alivuka uwanja moja kwa moja, akakaa.

Vumbi lilionekana kabla ya ng'ombe. Watu wa Edwin walisimama nje ya lango, wakapiga hodi, lango likaachwa upenyo, na mshenga wao akatangulia peke yake. Alikuwa mzee mwenye maneno matamu, aliyezungumza kwenye posa nyingi kuliko alizokumbuka. Alitazama viti, akamwona mwanamke kwenye kile cha kwanza, akadhani amekaa pale kwa kuchoka. Akavua kofia, akamwinamia mwanaume aliyemjua kuwa mkubwa wa nyumba.

"Shikamoo, mzee Nyamhanga. Tumekuja kwako na neno."

Nyamhanga hakuitikia. Alitazama mbele. Nyuma ya mshenga ng'ombe walikuwa wanasukumana, mmoja ameshaanza kugeuka kuitazama barabara. Nyangi alishika nondo za dirisha kwa mikono miwili. Mshenga akamgeukia Benjamini kuomba msaada. Benjamini alinyoosha tai yake, kisha, kwa taabu, kama anayevuta gari lililokwama, akaelekeza kidevu upande wa dada yake.

Mshenga alielewa. Alirudi nyuma hatua chache, mpaka nje ya lango, akapiga hodi upya. Kisha akaja tena, akamwinamia Pelagia.

"Shikamoo, mama. Tumekuja kwako na neno."

"Marahaba," alisema Pelagia, kwa ile sauti ya kuita watoto kutoka mbali, na lango likafunguliwa.